AFYA YA FAMILIA: Sahani ya Loma Linda na Sahani Yetu



Ni nani kati yetu asiye na ndugu au jirani mwenye kisukari au presha? Zamani tulizoea kusema kwamba haya ni magonjwa ya matajiri wa mjini. Leo yamo katika kila kigango. Tunayakuta kwa mwalimu mstaafu, kwa fundi seremala, kwa mama anayeuza nyanya sokoni. Wengine hugundua wakiwa wamechelewa, mguu umeshaanza kuoza au upande mmoja wa mwili umeshapooza. Hapo familia nzima huingia katika gharama za dawa ambazo hazina mwisho.

Kwa sababu ya hofu hiyo, maneno yamekuwa mengi. Mmoja atakuambia, "Acha nyama kabisa, utapona." Mwingine atakuambia, "Mboga ni chakula cha maskini, mgonjwa apewe supu ya kongoro apate nguvu." Na mwingine atakuuzia unga wa majani ndani ya kopo, kwa bei ya mbuzi. Tumsikilize nani?

Katika somo la mwezi huu tunawaalika tuwatazame watu waliolichunguza jambo hili kwa subira, kwa zaidi ya miaka 60. Si Wakatoliki. Ni majirani zetu Waadventista Wasabato, na kazi yao imefanyika katika chuo kikuu chao cha afya kiitwacho Loma Linda, huko Marekani. Jambo jema halina dhehebu. Tuone wamepata nini, na sisi tunaweza kuchukua nini.

1. Loma Linda ni wapi?

Loma Linda ni mji mdogo katika jimbo la California, kilomita 100 hivi mashariki ya Los Angeles. Jina lake ni la Kihispania, maana yake ni "kilima kizuri". Mwaka 1905 palikuwa na jengo la hoteli ya mapumziko iliyoshindwa biashara. Bibi Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista, aliwahimiza wenzake walinunue wafanye pawe mahali pa kutibu wagonjwa. Mchungaji John Burden alisimamia ununuzi huo, na mwaka huo huo wagonjwa walianza kupokelewa. Wauguzi walianza kufundishwa, na mwaka 1909 chuo cha madaktari kikaandikishwa. Mwaka 1961 kikapewa jina la Chuo Kikuu cha Loma Linda.

Wasabato tunawafahamu hata huku kwetu. Walifika Upare mwaka 1903, na Gendia, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mwaka 1906. Tunajua kwamba hawavuti tumbaku, hawanywi pombe, hawali nguruwe, na siku ya Sabato hupumzika. Kanisa lao pia hushauri watu waishi kwa nafaka, kunde, matunda, mboga na karanga. Lakini ushauri huo si sharti kwa kila mmoja. Wako Wasabato wengi wanaokula nyama, na wako wengi wasiokula. Tofauti hiyo ndiyo iliyowapa watafiti nafasi nzuri.

2. Kwa nini Wasabato wafae kuchunguzwa?

Tuseme tunataka kujua kama nyama inadhuru moyo. Tukilinganisha wanaokula nyama nyingi na wasioila katika mji wowote, tutapata shida. Huenda wale wa nyama choma ndio hao hao wanaovuta sigara, wanaokunywa bia na wasiotembea kwa miguu. Wakiugua, tutalaumu nyama au sigara? Hatutajua.

Kwa Wasabato shida hiyo inapungua. Karibu wote hawavuti wala hawanywi, wawe wala nyama au wala mboga. Kwa hiyo ukiwalinganisha wao kwa wao, moshi na pombe vinakuwa vimewekwa kando, na chakula kinaonekana waziwazi zaidi. Ni kama kupima uzito wa mchele baada ya kuondoa mawe na pumba.

Watafiti wa Loma Linda walianza kazi hiyo mwaka 1958, wakiwafuatilia Wasabato wapatao 23,000 wa California. Uchunguzi wa pili ulianza mwaka 1974 ukaendelea hadi 1988, wenye watu wapatao 34,000. Wa tatu ulianza mwaka 2002, chini ya Profesa Gary Fraser, ukiwa na watu zaidi ya 96,000 wa Marekani na Kanada. Kati yao zaidi ya 25,000 ni watu weusi, jambo ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulitilia maanani. Kila mmoja alijaza kitabu cha maswali chenye kurasa 50 hivi: unakula nini, mara ngapi, kiasi gani, unalala saa ngapi, unatembea kiasi gani. Kisha watafiti wakasubiri miaka, wakiangalia katika kumbukumbu za serikali ni nani amepata saratani, ni nani amefariki, na kwa ugonjwa gani.

Mtu anaweza kuuliza: je, hawa hawakutafuta tu kuthibitisha mafundisho ya kanisa lao? Swali hilo ni halali. Tujue basi kwamba uchunguzi wa tatu ulisaidiwa kwa fedha za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na matokeo yake yamechapishwa katika majarida ya kitabibu, ambako wataalamu wengine huyapekua kabla hayajapokelewa. Tena, kama tutakavyoona, si kila jibu lililopatikana linawapendeza wasiokula nyama.

3. Wamegundua nini?

(a) Maisha marefu. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba wanaume Wasabato wa California waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine wa California, na wanawake miaka 4.4 zaidi. Chakula si sababu pekee. Watafiti walitaja mambo matano yanayokwenda pamoja: kutovuta sigara, kufanya kazi ya mwili au mazoezi, kutonenepa kupita kiasi, kula vyakula vya mimea, na kula karanga na jamii yake mara kwa mara.

(b) Karanga na moyo. Mwaka 1992 ilionekana kwamba waliokula karanga, korosho, lozi na nyingine za namna hiyo mara tano au zaidi kwa wiki walipata mshtuko wa moyo kwa kiasi cha nusu tu, wakilinganishwa na waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Wengi hawakutegemea jibu hilo, kwa kuwa karanga zina mafuta mengi. Mwaka 1993 Dokta Joan Sabaté na wenzake wa Loma Linda wakalipima jambo hili kwa njia nyingine. Waliwapa wanaume 18 wenye afya milo ya aina mbili kwa zamu, mmoja ukiwa na jozi za Ulaya na mwingine hauna. Wakati wa kula jozi, lehemu katika damu ilishuka kwa asilimia 12 hivi. Mafuta ya karanga na jozi si sawa na mafuta ya nyama.

(c) Kisukari. Mwaka 2009 watafiti waliwapanga watu 60,903 kwa makundi ya ulaji. Katika wale wasiokula chochote kitokanacho na mnyama, waliokuwa na kisukari cha ukubwani walikuwa asilimia 2.9. Wanaokula maziwa na mayai bila nyama: 3.2. Wanaokula samaki bila nyama nyingine: 4.8. Wanaokula nyama mara chache: 6.1. Wanaokula nyama kama kawaida: 7.6. Tazameni jinsi namba zinavyopanda ngazi kwa ngazi. Uzito wa mwili nao ulipanda kwa utaratibu huo huo. Lakini hata baada ya kuzingatia tofauti ya uzito, makundi mawili ya kwanza yalibaki na karibu nusu tu ya hatari.

(d) Presha. Miongoni mwa washiriki weusi, wasiokula nyama walikuwa na shinikizo la damu kwa uchache kuliko wenzao wala nyama. Nasi tunajua jinsi presha inavyowasumbua watu wa asili yetu.

(e) Vifo. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya watu 73,308 waliofuatiliwa karibu miaka sita. Hatari ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa pungufu kwa asilimia 12 kwa waliopunguza au kuacha nyama. Maana yake ni hii: pale ambapo wangefariki wala nyama 100, katika kundi lingine lenye umri sawa wangefariki 88 hivi. Nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa wanaume kuliko kwa wanawake.

(f) Saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2015 ilionekana kwamba waliopunguza au kuacha nyama walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 22. Na waliofanya vizuri kuliko wote ni wale wanaokula mboga pamoja na samaki: wao walikuwa pungufu kwa asilimia 43. Sisi wa maziwa na mwambao, wenye dagaa na samaki, tuisikie habari hiyo.

Sababu za mambo haya zinaeleweka. Maharage, nafaka zisizokobolewa na mboga zina nyuzinyuzi, ambazo hufanya sukari iingie katika damu polepole, hushibisha mapema, na husafisha utumbo. Mafuta mazito ya nyama nono hupandisha lehemu inayoziba mishipa ya moyo. Na kuhusu nyama za viwandani, kama soseji, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2015, kwa njia ya kitengo chake cha utafiti wa saratani, kwamba zinasababisha saratani ya utumbo.

4. Mbona sisi tunakula mboga na bado tunaugua?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kila mara katika semina. "Nyama sisi tunaiona Krismasi na Pasaka. Siku zote ni ugali na mchicha. Mbona presha ipo?"

Jibu ni kwamba kukosa nyama si sawa na kula vizuri. Mtu wa Loma Linda asiyekula nyama ana sahani yenye maharage, ngano isiyokobolewa, mboga za aina mbili tatu, tunda na karanga. Sahani yetu mara nyingi ni mlima wa sembe nyeupe iliyoondolewa pumba na kiini, na pembeni kijiko cha mboga iliyopikwa kwa mafuta mengi na chumvi nyingi. Asubuhi ni chai yenye vijiko vinne vya sukari pamoja na maandazi. Jioni ni chipsi. Sikukuu ni soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 mara nyingi hubeba sukari ya vijiko vya chai saba hivi. Vyote hivyo vinatoka kwenye mimea. Sukari ni mmea, mafuta ya kukaangia ni mmea, na tumbaku pia ni mmea! Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Vivyo hivyo mwili huisha kidogo kidogo.

Tena bibi zetu waliokula ulezi, mtama, njugu mawe na kisamvu walilima kutwa na kutembea kwa miguu. Sisi tumeacha chakula chao, tumeacha na jembe lao, tukapanda bodaboda hadi kanisani.

5. Mambo ya kuangaliwa kwa makini

Ndugu wasomaji, somo hili likichukuliwa vibaya linaweza kudhuru. Kwa hiyo tunaomba yafuatayo yasomwe kwa sauti nyumbani.

Kwanza, watoto wadogo. Uchunguzi wa Loma Linda ulihusu watu wazima wanaopata chakula cha kutosha. Haukuhusu mtoto wa mwaka mmoja anayekula uji mtupu. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Baada ya hapo, pamoja na kunyonya, apewe chakula mchanganyiko, na ndani yake yai, maziwa, dagaa waliosagwa au nyama vina faida kubwa kwa damu na ubongo wake. Mzazi asimnyime mtoto yai kwa sababu baba ana presha. Mama mjamzito naye asiachishwe vyakula hivi bila ushauri wa kliniki.

Pili, asiyekula kabisa vitu vya wanyama hukosa vitamini B12, ambayo mboga zetu hazina. Upungufu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu. Mtu wa namna hiyo lazima apate vidonge au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo. Watafiti wa Loma Linda wenyewe waliona pia kwamba wanawake wasiokula kitu chochote cha mnyama walivunjika nyonga zaidi, isipokuwa waliokuwa wakitumia nyongeza za madini ya chokaa pamoja na vitamini D.

Tatu, uchunguzi wa aina hii huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, lakini hauwezi kuthibitisha kila sababu. Wasioila nyama huenda pia wanajitunza katika mambo mengine. Na si kila uchunguzi umefanana na huu. Huko Oxford, Uingereza, mwaka 2019 ilionekana kwamba wasiokula nyama waliugua moyo kwa uchache, lakini walipata kiharusi kwa wingi kidogo kuliko wala nyama. Kwa hiyo tusiseme kwamba mboga ni dawa ya kila kitu.

Nne, mgonjwa asiache dawa. Mwenye kisukari akibadilisha chakula huku akichoma insulini au kumeza vidonge, sukari inaweza kushuka ghafla akazimia. Amwambie daktari kwanza, kipimo cha dawa kirekebishwe. Hatutaki mtu afe kwa kutusoma vibaya.

Tano, karanga na mahindi yenye ukungu ni sumu. Sumukuvu huharibu ini na huleta saratani. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walifariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wala kupika hakuiondoi. Karanga zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zilizo chungu zitupwe. Msizisage ili kuficha ubaya wake.

6. Tuanzie wapi nyumbani?

Hatuhitaji kununua chochote kutoka California. Bustani na soko letu vinatosha. Tunashauri familia ijaribu hatua hizi kwa mwezi mmoja:

- Ugali wa dona, mtama au ulezi uchukue nafasi ya sembe, walau siku nne kwa wiki.
- Kila siku pawepo na jamii ya kunde: maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu au njugu mawe. Makande ni chakula kamili, kwa kuwa mahindi na maharage hukamilishana katika kujenga mwili. Tangu mwaka 1954 Dokta Mervyn Hardinge, aliyekuja kuwa mkuu wa shule ya afya ya jamii ya Loma Linda, alionyesha pamoja na Profesa Frederick Stare wa Harvard kwamba hata wasiokula nyama kabisa wanaweza kupata protini ya kutosha.
- Tugawe sahani upya: nusu iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki.
- Tule tunda kila siku. Chungwa, limau au pera likiliwa pamoja na mboga husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huyazuia madini hayo.
- Konzi moja ndogo ya karanga safi, bila chumvi, mara tano kwa wiki.
- Chumvi yote ya siku kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Chumvi isiwekwe mezani.
- Nyama ibaki ya sikukuu, nayo iwe ya mchuzi kuliko ya kukaanga. Soda ibaki ya sherehe, au iondoke kabisa.
- Tutembee kwa miguu nusu saa kila siku.

Sisi Wakatoliki tunajua kufunga nyama siku za Ijumaa za Kwaresima. Basi tusiifanye siku hiyo iwe ya chipsi na soda. Iwe siku ya maharage na mboga, na kilichookolewa kimfikie mhitaji. Desturi hiyo njema ikiendelea hata baada ya Pasaka, mwili nao utashukuru.

Lakini tuseme pia jambo moja kwa akina baba. Mara nyingi mama hujaribu kubadilisha chakula, na baba hukataa sahani akisema, "Mimi si mbuzi." Mama hurudi kwenye mafuta na chumvi ili pawe na amani. Baada ya miaka kumi, ni mama huyo huyo anayemgeuza baba kitandani. Tazameni tena matokeo ya mwaka 2013: waliofaidika zaidi ni wanaume. Baba akikaa mezani akala makande kwa furaha, watoto wote watakula. Akiyakejeli, hakuna semina itakayofaulu.

Mwisho, tusisubiri dalili. Presha haina kelele. Walio na miaka zaidi ya 40 wapime presha na sukari walau mara moja kwa mwaka katika zahanati iliyo karibu. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Maswali ya kujadili katika familia na Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Wiki iliyopita tulikula jamii ya kunde mara ngapi? Soda je?
2. Ni vyakula gani vya babu na bibi zetu tumeviacha, na kwa nini?
3. Katika sherehe za ubarikio, kipaimara na ndoa, tunaweza kupika nini badala ya kukaanga kila kitu?
4. Ni nani katika jumuiya yetu ana kisukari au presha na hana wa kumsindikiza kliniki? Nani atakwenda naye, na siku gani?

Swali la mwisho lisiachwe bila jina na siku. Tunawatakia afya njema hadi somo la mwezi ujao.